Si kila kilichomo ndani ya betri ni maji

WIKI tatu zilizopita simu yangu ilianza kuinuka mgongo. Kifuniko cha nyuma kilibenuka upande mmoja, nami nikidhani nimeiangusha pasipo kujua, nikaipeleka kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na steji ninapopandia matatu. Ni fundi hodari. Amewahi kunifufulia simu iliyotumbukia katika ndoo ya maji. Aliifungua, akang'oa betri na kunionyesha. Ilikuwa imefura kama mandazi.

"Mzee, hii si kitu," alinituliza. "Maji ya betri imeshika joto ikageuka mvuke. Nitaitoboa hapa kando na sindano, mvuke itoke, alafu nipige seloteji. Itakusukuma hadi Krismasi."

Nilimshika mkono kabla hajaifikia sindano.

Nilipomuuliza alikojifunzia mbinu hiyo, alinieleza kwamba kabla ya kuingia biashara ya simu alikuwa kibarua katika gereji, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuongeza maji ya betri za magari. Hapo nikaelewa. Kijana huyu hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa amefikiri vizuri kabisa, hatua kwa hatua, akianzia kwenye neno. Kama kilichomo ndani ni maji, basi yakipata joto yatageuka mvuke. Na kama ni mvuke, kuutoa ni sawa na kufunua sufuria. Hoja yake ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni lile neno maji.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si mwanakemia. Hata hivyo, kwa muda sasa nimekuwa nikisaidiana na mwenzangu wa idara ya kemia kutafuta istilahi za Kiswahili za taaluma ya kuhifadhi nishati, na katika kumsumbua kwa maswali nimejifunza mambo ambayo ningependa kuyaeleza katika makala haya. Kitu anachokifanyia utafiti nitakiita elektroliti ya urojo wa polima. Najua jina hilo linatisha. Tulifungue neno baada ya neno.

Tuanze na elektroliti. Betri yoyote, iwe ya tochi, ya gari au ya simu, ina pande mbili ziitwazo elektrodi. Upande mmoja uko tayari kutoa elektroni, wa pili uko tayari kuzipokea. Elektroni hupitia nje, kwenye waya, na njiani ndizo zinazowasha taa au kuendesha simu. Lakini elektroni zikihama peke yake, chaji italundikana upande mmoja na kazi itakwama papo hapo. Lazima kitu kingine kihame ndani ya betri ili hesabu isawazike. Kitu hicho ni ioni, yaani atomu, au kikundi cha atomu, iliyopoteza elektroni au kuongezewa. Kinachozivusha ioni kutoka elektrodi moja hadi nyingine ndicho elektroliti. Masharti ya kazi yake ni mawili: izipitishe ioni kwa wepesi, na izikatalie elektroni kabisa. Ni kama daraja la watembeao kwa miguu pale juu ya barabara kuu ya Thika. Watu wapite, magari yasipite.

Maneno haya yana tarehe ya kuzaliwa. Mnamo 1834 Michael Faraday, mwana wa mhunzi aliyekuwa akifanya utafiti wake jijini London, alikuwa amegundua mambo mengi kuhusu umeme na vimiminika lakini hakuwa na majina ya kuyaitia. Kiingereza hakikuwa nayo. Faraday hakusoma Kigiriki shuleni, kwa hiyo akawaomba msaada waliokisoma, miongoni mwao William Whewell wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Whewell ndiye aliyempendekezea anodi, kathodi na ioni. Ioni kwa Kigiriki ni chenye kwenda, na elektroliti maana yake ni kinachofunguliwa kwa umeme. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba Kiswahili kikisema elektroliti kinaomba kwa Kiingereza. Kiingereza nacho kiliomba, tena kwa barua. Neno hilo sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni na maji. Katika betri ya gari, jina "maji ya betri" ni la kweli kwa kiasi kikubwa, kwani humo mna asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Lakini maji yana mpaka wake. Umeme ukizidi volti 1.23 hivi, huanza kupasuka kuwa hidrojeni na oksijeni. Betri ya gari hufanya kazi juu kidogo ya mpaka huo, volti 2 kwa kila chumba, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayofanya maji yake yapungue na kuhitaji kuongezwa. Sasa linganisha na betri ya lithiamu iliyomo ndani ya simu. Hiyo hufanya kazi kwenye volti 3.7, na ikijaa chaji hufika 4.2. Maji hayawezi kustahimili hapo. Fauka ya hayo, lithiamu yenyewe na maji haziketi chumba kimoja.

Kwa hivyo, wakati kampuni ya Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu mwaka wa 1991, elektroliti yake ilikuwa chumvi ya lithiamu iliyoyeyushwa katika vimiminika vya kikaboni visivyo na tone la maji. Vimiminika hivyo hushika moto kwa urahisi. Chumvi inayotumiwa sana, ambayo ina florini ndani yake, ikikutana na unyevu hata wa hewani huzalisha asidi ya haidrofloriki, asidi inayopenya ngozi na kudhuru hadi mfupa. Betri inapofura, kilichoifuta si mvuke wa maji. Ni gesi zilizotokana na elektroliti kuvunjikavunjika kwa sababu ya joto, uzee au kuchajiwa kupita kiasi: kaboni dayoksaidi, kaboni monoksaidi na nyinginezo, baadhi yake zenye kuwaka. Nayo sindano ya fundi wangu, kabla ya kuitoa gesi, ingezigusanisha tabaka za ndani ambazo uhai wote wa betri umo katika kutogusana kwake. Hapo umeme wote hukimbilia tundu moja, joto hupanda, na kilichobaki ni kukimbia.

Sasa tuje kwa urojo. Mwaka wa 1800 Alessandro Volta alipotengeneza betri ya kwanza kule Italia, alipanga visahani vya metali mbili na kuweka katikati karatasi ngumu zilizolowa maji ya chumvi. Tangu siku ile, basi, elektroliti ilihitaji kitu cha kuishika isitiririke. Betri za simu nazo zina utando wa plastiki wenye vitundu vidogo mno, wa unene wa mikromita 20 hivi, chini ya nusu ya unene wa unywele wa kawaida, ambao hulowa elektroliti na kuzitenga elektrodi mbili. Swali ambalo watafiti walijiuliza ni hili: je, badala ya kuloweka kimiminika katika utando, hatuwezi kukifanya kimiminika chenyewe kisimame?

Kila aliyewahi kupika uji anajua jibu. Unatia maji sufuriani, unatia unga, unakoroga. Mwanzoni ni maji machafu tu. Joto likikaribia nyuzi 70 hivi, ghafla mwiko unaanza kuwa mzito. Kilichotokea ni kwamba wanga uliomo katika unga ni molekuli ndefu sana, minyororo ya mamia na maelfu ya glukosi zilizoshikana moja baada ya nyingine. Molekuli ya aina hiyo, yenye pingili zinazojirudia, ndiyo polima. Ikipata joto, minyororo hiyo hujifungua, hunyonya maji, husokotana, na maji yakajikuta yamenaswa katikati kama samaki kwenye wavu. Ukizidisha unga, unapata ugali. Ukipunguza, unapata uji. Katikati ya hali hizo mbili kuna kitu ambacho si kimiminika tena na bado si kigumu, na Kiswahili kina jina lake: urojo.

Tia chumvi katika uji huo. Chumvi itayeyuka kuwa ioni, nazo zitaogelea katika maji yaliyonaswa, huku minyororo ya wanga ikikaa pale pale. Hapo sufuriani mwako, bila maabara, una elektroliti ya urojo wa polima. Dhaifu, ndiyo, na hakuna simu itakayokubali kuitumia, lakini ni ya jamii hiyo hiyo. Mwenzangu alicheka sana nilipomwambia hivyo. Siku ya pili akanipigia simu kusema kwamba nilikuwa sahihi, na kwamba angewapa wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza mfano huo.

Tofauti ya uji wangu na urojo wa maabara ni viungo. Badala ya maji, vimiminika vile vya kikaboni. Badala ya chumvi ya mezani, chumvi ya lithiamu. Na badala ya wanga, aghalabu polima za viwandani ambazo msomaji anazifahamu kwa sura nyingine. Kuna PAN, ambayo ndiyo nyuzi za akriliki zilizofumiwa sweta yako. Kuna PMMA, ile plastiki angavu inayotumiwa mahali pa kioo. Na kuna ya jamii ya PVDF, ambayo wavuvi huijua kama uzi fulani wa kuvulia samaki, usioonekana vizuri majini.

Wazo la polima kupitisha ioni si la jana. Mwaka wa 1973 Peter Wright na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Sheffield, walionyesha kwamba polima moja iitwayo PEO huweza kuyeyusha chumvi ndani yake pasipo kimiminika chochote. Mnamo 1978 Mfaransa Michel Armand akapendekeza kwamba polima hiyo kavu itumike katika betri. Lilikuwa wazo zuri lenye kasoro moja kubwa. Ioni ndani ya polima kavu hazina mahali pa kuogelea. Husubiri mnyororo ujitikise ndipo ziruke hatua moja. Penye baridi mnyororo hautikisiki. Katika joto la kawaida la chumbani, polima hiyo hupitisha ioni maelfu ya mara chini ya kimiminika. Magari ya umeme ya kukodi yaliyokuwa Paris kati ya 2011 na 2018 yalitumia betri za aina hiyo, na ililazimu betri zipashwe moto hadi karibu nyuzi 60 na zaidi ndipo zifanye kazi, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Hebu fikiria gari kama hilo Limuru mwezi wa Julai.

Kumbe jawabu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mwaka wa 1975 Wafaransa wengine wawili, Feuillade na Perche, walikuwa wamechapisha kazi kuhusu urojo: wacha polima ishike umbo, lakini mwachie kimiminika kazi ya kuvusha ioni. Kwa njia hiyo urojo mzuri huweza kufika kama sehemu moja kwa kumi ya upitishaji wa kimiminika tupu, au hata kukikaribia, na kwa matumizi mengi hiyo inatosha. Katika miaka ya 1990 maabara ya Bellcore, kule New Jersey, Marekani, ikapata njia ya kuutengeneza kwa wingi. Wao walitandaza filamu ya polima ikiwa na mafuta fulani ya kulainisha ndani yake, wakayatoa mafuta hayo ili yaache vitundu, kisha wakailoweka filamu katika elektroliti mwishoni kabisa. Uzuri wa mbinu hiyo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanywa katika hewa ya kawaida. Ni hatua ya mwisho tu inayohitaji chumba kisicho na unyevu.

Njia inayovutia watafiti wengi siku hizi ni rahisi zaidi kuieleza. Elektroliti humiminwa katika betri iliyokwisha fungwa ikiwa bado majimaji, pamoja na pingili ambazo bado hazijaungana kuwa polima. Betri hiyo huwekwa penye joto la nyuzi 60 au 70 kwa saa kadhaa, na pingili huungana humo humo ndani. Ni kama maziwa yanavyogandia kibuyuni. Faida yake ni kwamba kimiminika huwa kimekwisha kuingia katika kila ufa wa elektrodi kabla ya kuganda, kwa hivyo hapabaki pengo.

Na faida za urojo kwa jumla? Haumwagiki. Hushikamana na elektrodi, hivyo betri haihitaji mkebe mgumu wa chuma na inaweza kuwa bapa, nyembamba, hata yenye kukunjika. Tena huzuia kwa kiasi ile miiba ya lithiamu ambayo huota juu ya elektrodi betri inapochajiwa kwa haraka au penye baridi, ikarefuka hadi kuutoboa utando wa katikati. Mwiba mmoja tu ukivuka, yatatokea yale yale ambayo sindano ingeyaleta.

Lakini nisiuuze urojo kama wauza dawa wa sokoni. Kuna mvutano ambao hakuna aliyeumaliza. Ukiongeza kimiminika, ioni hukimbia lakini urojo unakuwa laini mno, hauwezi kuzuia mwiba. Ukiongeza polima, unapata uimara lakini ioni zinachoka njiani. Ni uji na ugali tena. Wengine huchanganya na vumbi laini la kauri ili kuupa uti wa mgongo. Pili, urojo huweza kuzeeka. Uji uliolala hutoa maji juu, na mala ikikaa hujitenga na maji yake. Vivyo hivyo minyororo ya polima inavyozidi kujikaza, hukamua kimiminika. Tatu, na hili ndilo muhimu kwa fundi wangu, urojo si kizimamoto. Kimiminika kilichonaswa bado ni kile kile chenye kuwaka. Kimepunguziwa mbio, hakijabadilishwa tabia.

Hapa majina yanatuchezea tena. Ukitazama mgongo wa betri za simu nyingi utaona imeandikwa kwamba ni ya "polima". Wengi hudhani maana yake ni kwamba ndani hamna kimiminika. Ukweli ni kwamba maandishi hayo mara nyingi huelezea ule mfuko laini unaoifunga betri kuliko kilichomo. Ndani huenda mna urojo, huenda mna kimiminika cha kawaida. Wauzaji wa vifaa vya sola nao wana "betri ya jeli". Hiyo ni betri ya risasi na asidi, ya ukoo wa betri ya gari, ambayo asidi yake imegandishwa kwa silika, ndugu wa mchanga. Ni urojo, sawa, lakini si wa polima wala wa lithiamu, na namna yake ya kuchajiwa ni tofauti. Namjua mstaafu mmoja aliyeshauriwa na muuzaji kwamba betri zote "za jeli" ni kitu kimoja. Chaja aliyouziwa iliiua betri yake kabla ya mwaka kwisha.

Nikaribie kwetu sasa. Mojawapo ya mikondo ya utafiti huu ni kutafuta polima zisizotokana na mafuta ya petroli, na orodha yao inasomeka kama orodha ya sokoni: wanga wa muhogo, wa mahindi, wa viazi, kaitosani inayotolewa katika magamba ya kamba na kaa, na karajinani inayotolewa katika mwani mwekundu. Mwani huo unalimwa Zanzibar tangu mwaka wa 1989, na huku kwetu unalimwa Kwale, sehemu kama Kibuyuni, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya akina mama. Hukaushwa, hufungwa magunia na kusafirishwa ng'ambo, kisha karajinani yake huturudia ikiwa ndani ya dawa ya meno na aiskrimu, kazi yake humo ikiwa ni ile ile ya kuleta urojo.

Karajinani ina jambo moja lililonifurahisha. Katika elektroliti za kawaida za lithiamu, ioni za lithiamu hubeba kama theluthi moja tu ya umeme; sehemu iliyobaki hubebwa na ioni hasi za chumvi zinazokwenda upande wa pili, nazo mwendo wao hauna faida kwa betri. Sasa mnyororo wa karajinani umejaa vikundi vya salfati vyenye chaji hasi, na vimegandamana na mnyororo wenyewe. Haviwezi kwenda popote. Ioni chanya tu ndizo zinazobaki na uhuru wa kutembea. Wanakemia huhangaika kuzitengeneza polima zenye tabia hiyo, na bahari imekuwa ikizitengeneza bila kuulizwa.

Hata hivyo, tusianze kupiga vigelegele. Urojo wa mwani na wa muhogo kwa kawaida hupenda maji, na tumekwisha kuona maji yanavyokosana na lithiamu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majaribio yake inahusu vifaa vya volti ndogo: betri za zinki, na zile ziitwazo superkapasita, ambazo huhifadhi chaji juu ya uso wa elektrodi, hujaa kwa sekunde chache na hutoka kwa kasi hiyo hiyo. Vifaa hivyo havitaendesha bodaboda ya umeme kutoka hapa hadi Machakos, ila huweza kuipa nguvu ya ghafla inapopanda kilima. Kutoka kwenye kisahani cha maabara hadi dukani ni safari ndefu. Mama wa Kibuyuni asiambiwe leo kwamba bei ya mwani wake itapanda kesho kwa sababu ya betri. Ila sioni kwa nini mtu atakayeifanya kazi hiyo asitoke katika vyuo vyetu, maadamu malighafi iko ufukweni.

Nimalizie na istilahi, kwa kuwa nimeahidi kulifungua jina lote. Polima nimeliacha kama lilivyo, limekwisha kuzoeleka. Kwa nini basi nisiseme jeli, kama wauza sola? Nina sababu mbili. Kwa Mkenya wa kawaida jeli ni ya kupaka, ya nywele au ya ngozi, na kitu cha kupaka hakimwambii lolote kuhusu kimiminika kilichonaswa katika wavu. Ya pili ni kwamba urojo na rojorojo ni maneno yaliyokuwapo, yenye maana hiyo hasa, na yenye kunyumbulika: kitu ni rojorojo, kina urojo. Wenzangu wa Pwani na visiwani watanicheka, kwani kwao urojo ni chakula kitamu cha jioni, chenye bajia na viazi. Naomba wacheke kwa utaratibu, kisha wautazame ule mchuzi wake uliokolezwa kwa unga. Mwenzangu wa kemia bado anapendelea jeli. Anasema wanafunzi wake watalazimika kusoma majarida ya kimataifa, na neno lililo karibu na la huko litawapunguzia mzigo. Hoja yake ina uzito na sijaishinda. Ninachomjibu ni kwamba wanafunzi wake ni arubaini, na wenye sindano vibandani ni maelfu.

Fundi wangu nilimweleza mambo haya kwa ufupi siku ile ile, nikianzia kwenye uji. Alisikiliza huku akiitazama betri mkononi mwake kama mtu aliyeshika yai bovu. Kisha akauliza, "Kwa hivyo ni urojo, prof, si maji?"

"Urojo au kimiminika kinachowaka. Maji, hapana."

"Na hizi zingine?" Akavuta droo. Mlikuwa na betri nyingine tisa zilizofura, tatu zikiwa na alama ya seloteji kando.

Tulitafuta mkebe wa rangi uliokwisha, tukaujaza mchanga mkavu, tukazizika humo moja moja zisigusane, tukauweka nje mbali na mabati ya kibanda. Nairobi kuna vituo vichache vinavyopokea taka za aina hiyo, na aliniahidi kwamba atazipeleka akipata siku ya kufunga kazi. Nilipopita Jumatatu mkebe ulikuwa ungali pale, umefunikwa kwa kigae, na juu ya kigae alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: USITOBOE.